Mlinilia Nikiwa Hai

Nyalukemba, Bukavu
Tarehe 9 Machi 1986

Kwa mdogo wangu mpendwa Télesphore,

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe. Utaona herufi zinayumba, lakini ni zilezile nilizokufundisha kuchora kwenye vumbi nyuma ya nyumba ya baba. Je, kifua chako kinakuacha ulale? Je, Anne-Marie anaweza tena kwenda shambani, au magoti bado yanamgombeza? Sisi huku tuko. Mvua haijatupumzisha, njia ya kushukia ziwani ni matope matupu, na umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na hakika kama amekaribishwa. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wanapatikana sokoni, bugali ipo, na mimi nina afya, kwa kipimo cha mtu ambaye ndugu zake wamekwisha kumnyolea nywele.

Juzi ulisikia sauti yangu kwenye foni, ile redio ya misioni ya kupashana habari, ikisema kwamba barua inakuja. Ndiyo hii. Uisome ukiwa umekaa.

Barua yako kwa Colette ilifika kwa mkono wa Cirhuza, yule mfanyabiashara anayenunua mafuta ya mawese kwenu na kuyauza hapa mjini. Binti yangu hakunionyesha. Niliiona mwenyewe kwenye droo ya mashine yake ya kushonea, nilipokuwa nikitafuta mkasi, na nikasoma, kwa kuwa niliujua mwandiko. Umemwandikia kwamba alitangaza kifo ambacho hakikuwapo, na kwamba dada yetu Adolphine amekufa kwa neno lake. Umemwandikia kwamba siku watu wa mchumba wake watakapoleta mbuzi wa mahari, wasikuhesabu.

Unajua maana ya hayo, ndugu yangu. Honoré ni kijana mzuri, anafundisha hesabu hapa kwenye mtaa wetu, na wajomba zake wa Katana wamekwisha kuuliza zaidi ya mara moja waje lini. Baba hapokei watu hao peke yake, na kiti cha mdogo wake kikiwa kitupu kando yake. Tangu tulipokimbia vita kutoka Mwenga mwaka wa sitini na nne, watu wetu hapa Bukavu wamekuwa wachache, na walio wazee zaidi tumewazika. Usipokuja wewe, hakuna wa kukaa. Colette huwajibu wakwe wale jambo moja tu. Anasema, "Baba mudogo iko na kilio. Tumungojee." Halafu anarudi kwenye mashine yake, na mimi nasikia jinsi anavyokanyaga pedali.

Kwa hiyo naomba nikueleze mambo kama yalivyofuatana, na unisikilize mpaka mwisho kabla hujamhukumu mtu.

Homa ilianza mwezi wa Septemba. Ilikuwa inakuja jioni na kuondoka alfajiri, na nikailisha kwinini kama kila mtu wa hapa anavyofanya. Haikushiba. Sikukohoa, sikuharisha. Nilipungua tu, hata mkanda wa suruali ukahitaji matundu mapya, na mwezi wa Oktoba fizi zikaanza kutoka damu nilipotafuna hata ndizi iliyoiva. Siku nilipoanguka mbele ya kanisa ndipo Colette aliponipeleka hospitali bila kuniuliza.

Huko nilimkuta daktari kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni Ulaya, jina lake Donatien. Alinibonyeza tumbo, akauona wengu, yaani bandama, umevimba na kushuka mpaka karibu na kitovu. Alipima damu, akakuta kila kitu kimepungua, zile chembe nyekundu, zile nyeupe, na zile zinazogandisha damu. Siyo malaria, alisema, wala siyo tifoidi. Akachukua sindano nene, akatoboa mfupa wa kifua changu, akavuta uboho, kisha akaenda kukaa mwenyewe na mikroskopu. Maumivu yake siwezi kukuelezea. Mtu anahisi kama roho inavutwa kwa uzi.

Aliporudi aliniuliza kama ni kweli nilikuwa mwalimu. Nilimwambia mapadri walinifundisha kusoma na sijaacha tangu hapo. Basi, alisema, nitakueleza kama mtu anayesoma. Katika mwili, alisema, kuna seli ambazo kazi yake ni kufagia: zinameza chembe zilizokufa na wadudu wa magonjwa. Ukiingia ugonjwa unaojificha na kukaa muda mrefu, seli hizo zinaamrishwa kufanya kazi kwa nguvu, na wakati mwingine hakuna amri ya kuziambia basi. Zinaendelea kula. Zinakula damu iliyo hai. Alikuwa ameziona kwa macho yake kwenye uboho wangu, zimevimba, na chembe nyekundu nzima zimo matumboni mwake. Nilimwambia nimeelewa sana, kwa kuwa nimeishi muda mrefu mahali ambapo askari wametumwa kulinda kijiji na hawajalipwa. Alicheka, akatazama mlango. Sitaendelea na mfano huo, kwa kuwa barua hii inapita katika mikono mingi.

Ndipo nikamwuliza ile habari ambayo kila mgonjwa anaitaka na kuiogopa. Alianza kugeuka kumtazama Colette. Nikamwambia anitazame mimi. Akasema kwamba vitabu vinavyozungumza juu ya jambo hili ni vichache na havikubaliani, lakini kwa watu wazima hali si nzuri. Katika kumi, sita au saba wanatutoka, alisema, na wengi wao ni katika majuma ya kwanza. Aliye na umri kama wangu ana hali mbaya zaidi. Kisha akaongeza kwamba si wote walio sawa: yule ambaye ugonjwa uliowasha moto huu umepatikana mapema, na dawa yake ipo, ana nafasi kubwa kuliko wenzake, na akipona huweza kupona kabisa. Yeye alishuku kifua kikuu kilichojificha ndani ya uboho na ini badala ya mapafu. Alisema ataanza dawa zake mara moja, na kortizoni ya kuzituliza zile seli, bila kungoja uhakika, kwa sababu wanaongojea uhakika huupata juu ya maiti.

Sikiliza hapo, Télesphore. Mtu aliniambia mambo mawili. Nililisikia moja. Sita au saba katika kumi lilikaa kichwani mwangu kama hukumu iliyosomwa, na lile la pili, la wale wanaopona, nikalichukua kama adabu ya kijana aliyelelewa vizuri. Miaka thelathini nilifundisha watoto kwamba saba katika kumi siyo kumi. Nilipolala kwenye kitanda kile sikujua tena hesabu.

Ni katika siku hizo ambapo neno lilitoka kwa foni, nanyi mkalisikia huko kwenu: Raphaël amekufa, njooni.

Nilimezeshwa vile vidonge vyekundu vinavyougeuza mkojo kuwa kama maji ya matofali, nikachomwa sindano kila asubuhi. Kando yangu alilala mtu wa Walungu, Placide, aliyevunjika mguu kwa kuanguka kutoka juu ya lori la mihogo. Mke wake na Colette walipikia kwenye mbabula moja ya makaa nje ya dirisha, na harufu ya sombe, yale majani ya mihogo, ikaingia, na mimi nikageuza uso ukutani. Placide hakuniacha nife kwa utulivu. Kila asubuhi aliita, "Muzee Raphaël, uko ao hauko?" Nisipojibu alisema kwa sauti, ili chumba chote kisikie, kwamba basi ile uji nimpatie yeye, kwa kuwa marehemu hawana njaa.

Siku moja nilimjibu kwamba uji ni wangu, na nikaunywa wote. Homa ilikuwa imeanza kushuka. Haikuondoka kwa siku moja, ilikuwa kama watu wa kodi, inaondoka na kurudi kuangalia kama imesahau kitu. Lakini Daktari Donatien alipima damu tena, akapima tena, na chembe zilikuwa zinapanda. Wengu ulianza kurudi mahali pake. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo daktari hafanyi, akasema kwamba mimi ni mmoja wa wale watatu.

Nilikuwa nakula bugali na sambaza siku Cirhuza alipoingia. Alivaa kitambaa cheusi begani, amemletea Colette pole zenu na ndoo ya mafuta. Alisimama mlangoni, akanitazama, akarudi nyuma hatua moja, akamwuliza Placide kwa sauti ndogo, "Huyu njo nani?" Placide akamjibu kwamba huyu ni marehemu, na kama ana nyama ya matanga aitoe hapa. Chumba kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka. Cirhuza akaketi, akafuta jasho, akatueleza jinsi mlivyofanya: kwamba watu walikuja mpaka kutoka ng'ambo ya mto, kwamba ulinyoa, kwamba Anne-Marie alilala chini siku zote za kilio, na wazee walisimulia jinsi nilivyobeba vitabu vya shule kichwani tulipokimbia na kuacha sufuria. Placide alipiga ukuta kwa mkono. "Kumbe matanga yako wamekula," aliniambia, "na weye mwenyewe hata mufupa haukuonja!"

Ndugu yangu, nikuambie kweli, nilifurahi. Miaka ishirini na zaidi nimeishi kati ya watu wema wasiojua jina la mto wetu, na sasa nilisikia kwamba kwetu bado nilikuwa na watu wa kunililia. Nilimwuliza Cirhuza ni nani anayekuja, na nikamwuliza habari za Adolphine. Ndipo alipoacha kucheka.

Alituambia kwamba Adolphine hakungoja kilio chenu. Aliposikia neno kwenye foni alifunga kitambaa, akachukua ndizi za kuchoma, akasema kwamba yaya wake, kaka yake mkubwa, hatazikwa na wageni. Mvua ilikuwa kubwa na malori hayakupita, basi akatembea. Alifika kijiji cha Kitutu, katikati ya njia, akiwa na homa ya mapafu, watu wakampokea, wakampa chumba na moto, na hapo akafa. Alikuwa mdogo wangu, naye alikuwa amevuka miaka sitini. Cirhuza alisema kwamba mpaka mwisho aliwauliza wale watu kama wamesikia gari.

Placide aligeuza uso wake ukutani, naye hakuniita tena asubuhi mpaka siku aliyotoka.

Sasa nimefika pale ambapo kalamu imenikatalia tangu Desemba.

Unakumbuka mwaka wa sabini na nne mliponitumia neno kwamba mama ni mgonjwa. Nilituma dawa na blanketi, nikasema nitakuja likizo ya Pasaka. Alikufa Pasaka haijafika. Nilipofika kaburi lilikuwa limeota majani, na Adolphine alinipokea kwa maji ya kunawa, akaniambia mbele yako, kwa kile kicheko chake kisicho na furaha, "Yaya, kama tungelikuambia amekufa, ungelifika akingali hai." Wewe ulimkemea. Mimi nilinawa mikono tu, kwa kuwa ilikuwa kweli. Hatukutoka kwa ajili ya ugonjwa, watu wa nyumba yetu. Kila mtu alikuwa na shamba lake, au shule yake, au mvua yake. Tulitoka kwa ajili ya kifo.

Nililala hospitalini na sentensi ile. Daktari alikuwa amesema majuma ya kwanza. Nilifikiri: nikituma neno kwamba ninaumwa, watanitumia mafuta na sala. Nikituma neno kwamba nimekufa, watafunga mizigo siku hiyohiyo, na pengine watanikuta ninapumua. Watanitukana, na mimi nitakuwa nimewaona. Nilitaka kumwona Adolphine akinitukana. Nilitaka kukuona wewe, ambaye nimekuona mara moja tu tangu sitini na nne. Mazishi hayakuwa na maana kwangu. Ni nyinyi niliowataka, mkiwa hai na mimi nikiwa hai, na sikujua njia nyingine ya kuwaita.

Mimi ndiye niliyemtuma Colette kwenye foni. Nilimpa maneno yenyewe, nikamtaka ayarudie mbele yangu. Alikataa. Alisema, "Papa, mutu angali anapumua, tunatangaza je kifo yake?" Nikamwambia kwamba ninamwamuru kama baba, na kwamba asipokwenda nitakufa bila kumbariki. Alikwenda. Masœur Marcelline, yule mtawa anayeshika foni, alimwona analia, na hakuuliza lolote, nani angeuliza? Kulia kwake hakukuwa uongo. Ni maneno tu yaliyokuwa uongo, na hayo yalikuwa yangu.

Homa iliposhuka aliniomba tutume neno lingine la kuwaambia kwamba nimerudi. Nilikataa. Nilisema mko njiani, na kwamba itakuwa vizuri zaidi mkifika na kuona kwa macho. Nilikwisha kutengeneza mzaha nitakaowaambia. Adolphine alikuwa njiani kweli, na labda hata neno hilo la pili lisingemfikia, lakini sitajua kamwe, nawe hutajua.

Na Cirhuza alipowapelekea habari kwamba ninaishi, nawe ukamwandikia Colette ile barua, niliiacha ndani ya droo. Colette alijua kwamba nimeisoma, kwa sababu niliirudisha vibaya. Alisema tu, "Acha, Papa. Umetoka kaburini juzi. Mimi nitavumilia." Nikamwacha avumilie. Mtu aliyeponyoka mdomoni mwa ugonjwa mkubwa huharibika kidogo, kila mmoja anampongeza, naye anaanza kuamini kwamba alistahili. Juzi nilikwenda kwenye foni ili niseme kwa sauti yangu, kwa kuwa uongo ulipita hapo. Masœur alinipa chombo, nikabonyeza, nikasikia misioni zote zikinyamaza kunisikiliza, Kamituga, Shabunda, zote. Nilisema barua inakuja. Hilo ndilo nililoweza.

Kwa hiyo nakuomba ufanye wewe lile lililonishinda. Isome barua hii mbele ya wote waliosikia lile neno la kwanza, wote, hata wazee waliosimulia habari za vitabu kichwani. Usiruke ukurasa huu. Waambie kwamba Colette alitumwa, na aliyemtuma ni mimi. Ukinichukia sitashangaa, na ukitaka kunikemea kama ulivyomkemea Adolphine siku ile, nitakaa chini nikusikilize. Lakini chuki hiyo uilete kwa aliyeistahili, usiiache kwa mtoto.

Watu wa Honoré nimewaomba wangoje mpaka Pasaka ipite. Njoo ukae kwenye kiti kilicho karibu na changu. Kama hutaki kuniangalia, utawaangalia wao.

Kuhusu afya yangu, ninaendelea na vidonge mpaka Juni. Nilimwuliza tena Daktari Donatien, sasa ni ngapi katika kumi? Alisema, "Muzee, sasa hatuhesabu tena. Sasa unameza dawa." Homa ikirudi nitarudi kwake, isiporudi nitapanda lori la kwanza baada ya dawa kuisha, nishuke Kitutu, unionyeshe mahali mlipomlaza. Safari hii sikudanganyi ili uje. Ninakutumia neno jinsi lilivyo: mimi ni mgonjwa anayepona, na ninataka kukuona.

Nisalimie Anne-Marie, na umwambie nimesikia alivyolala chini, na kwamba magoti yake sasa ni deni langu. Wasalimie watoto wako na watoto wa Adolphine, mmoja mmoja kwa jina lake, hata wale wasiotaka kusikia langu. Nywele mlizonyoa kwa ajili yangu najua zimekwisha kuota. Mzihesabu kuwa zilinyolewa kwa ajili yake.

Colette ameingia sasa hivi kuwasha taa, akaniuliza ninamwandikia nani. Nimemwambia. Alishika kitasa cha mlango, kisha akasema nikusalimu, na niulize kama kifua kinakuacha ulale. Nimeichukua karatasi ya kwanza na kuiandika upya ili swali hilo lije mbele ya mengine yote. Ujue basi kwamba ni lake, siyo langu, na umjibu yeye.

Ndimi yaya wako,
Raphaël